Mwongozo kamili: kukaa pembeni mwa uwanja wa futiboli ya Kimarekani bila kuiponza timu yako

Mwamuzi wa pembeni katika futiboli ya Kimarekani hatazami anakokwenda. Mpira ukishaanzishwa, macho yake yako kwa wachezaji, miguu inakimbia sambamba na mstari, mara nyingine kinyumenyume, na mgongo wake umeelekea benchi la timu. Anaamini kwamba ukanda wa futi 6 ulio nyuma yake ni mtupu. Akikuta mtu amesimama pale, mmoja wao ataanguka, pengine wote wawili, na timu yenye mtu huyo itarudishwa yadi 15.

Ukilishika hilo, umeshika karibu kila kanuni ya pembeni. Kanuni hizi zinaonekana nyingi na za ajabu kwa mtu aliyekulia kwenye soka, ambako kocha hupewa eneo lake mbele ya benchi na kelele zake ni sehemu ya burudani. Huku mambo ni tofauti, na ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Watoto wetu, waliozaliwa Kigoma, Bukavu, Mombasa au kambini Kakuma, wanaingia timu za futiboli za shule za sekondari Marekani, na baada ya muda si mrefu mzazi anaombwa msaada: abebe maji, ashike fimbo za kupimia, au awe kocha msaidizi wa kujitolea. Anapewa fulana ya timu na kuambiwa asimame pale. Mara nyingi hakuna anayemweleza "pale" ni wapi.

Mimi sikuelezwa. Katika msimu wangu wa kwanza nikiwa msaidizi, kijana mmoja wa timu yetu alidaka mpira karibu kabisa na mstari, nami nikapiga hatua mbili mbele ili nione kama miguu yake ilikuwa ndani. Mwamuzi alinipamia begani. Hakuumia, namshukuru Mungu, lakini kitambaa cha njano, alama ya kosa, kilidondoka palepale, na vijana waliokuwa wamesogea kwa jasho lao wakarudishwa nyuma kwa ajili ya hatua zangu mbili. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Hatua ya 1: jua mnacheza kwa kitabu kipi

Hakuna kitabu kimoja cha futiboli. Shule nyingi za sekondari Marekani hufuata kanuni za NFHS, shirikisho la kitaifa la vyama vya michezo vya shule. Vyuo hufuata kanuni za NCAA, chama cha michezo ya vyuo. Ligi ya kulipwa, NFL, ina kitabu chake. Texas ni tofauti: shule zake za umma hucheza kwa kanuni za vyuo zenye marekebisho, kwa hiyo ndugu wa Houston na Dallas wasichukue moja kwa moja anayosema ndugu wa Ohio. Timu za watoto wadogo za mitaani nazo huwa na nyongeza zao. Muulize kocha mkuu mapema, wala usione haya.

Hapa chini nitatumia zaidi kanuni za shule, kwa sababu huko ndiko tuliko wengi. Mifano mingi ya makosa ni ya NFL na vyuo, maana hayo yalionekana na watu wengi na kumbukumbu zake zipo.

Hatua ya 2: fika mapema, uusome uwanja kwa miguu

Uwanja una urefu wa yadi 100 kati ya mistari ya magoli, pamoja na maeneo mawili ya kufungia ya yadi 10 kila upande. Upana ni yadi 53 na theluthi moja, karibu mita 49. Mstari wa pembeni wenyewe uko nje: mchezaji mwenye mpira akiugusa, ametoka. Kwenye soka mpira ulio juu ya mstari bado uko ndani, na mazoea hayo yanatuchanganya sana wageni. Mtoto wako akikanyaga chokaa, usimlilie mwamuzi.

Tembea kutoka kwenye mstari kuelekea benchi. Kwa kanuni za shule, ukanda wa kwanza wa yadi 2, yaani futi 6 au kama mita 1.8, ni eneo la masharti. Nyuma yake ndipo linapoanza eneo la timu, kwa kawaida kati ya mstari wa yadi 25 wa upande mmoja na wa yadi 25 wa upande wa pili. Watu wote wa timu wanatakiwa wawe ndani ya eneo hilo, isipokuwa waliomo mchezoni.

Vyuoni kuna kanda mbili. Futi 6 za kwanza kutoka mstarini ni za waamuzi. Futi 6 zinazofuata ni za makocha. Wachezaji wa akiba na watu wengine hukaa nyuma ya hapo, kati ya mistari ya yadi 20. NFL imezungusha uwanja mzima ukanda mweupe wa futi 6, na kanuni yake haina kona: mchezo ukiendelea, wanaoruhusiwa ndani ya weupe huo ni waamuzi peke yao.

Ukiwa hapo, ondoa vitu. Chupa za maji, mifuko ya mipira, viti, kofia ngumu zilizotupwa chini, vyote virudi nyuma kabisa. Mchezaji anayesukumwa nje kwa kasi hana breki, na kona ya sanduku la barafu inaweza kumvunja mfupa. Kwangu mimi hii ndiyo kazi ya maana kuliko zote kabla ya mechi, nayo haihitaji kujua futiboli hata kidogo.

Kocha mkuu naye ana wajibu kabla ya mechi kuanza: waamuzi humwuliza kama wachezaji wake wote wamevaa vifaa halali, naye hujibu kwa kauli yake. Akisema ndiyo, amejifunga. Kama wewe ni msaidizi, pita kwa vijana mmoja mmoja kwanza, uangalie kinga za meno, magoti na mabega, ili kauli ya mkuu wako iwe ya kweli.

Hatua ya 3: mpe mtu mmoja kazi ya kuvuta watu nyuma

Benchi la watu arobaini linatambaa kuelekea mstarini kama maji yanavyofuata mteremko. Hakuna anayekusudia. Mchezo unanoga, wa mbele anasogea hatua, wa nyuma haoni, naye anasogea. Ukigeuka, ukanda umejaa.

Dawa yake ni kumteua mtu mmoja ambaye hatazami mpira. Kazi yake ni kutazama miguu ya watu na kuwarudisha. Timu za NFL zinaye, na Sean McVay, kocha wa Los Angeles Rams, amewahi kupigwa picha akivutwa kiunoni na msaidizi wake kila alipokaribia ukanda. Ukipewa kazi hii, kubaliana na kocha mkuu kabla ya mechi kwamba utamshika fulana au mkanda, ili asikugeukie kwa hasira katikati ya mchezo. Wachezaji waambie kwa ufupi: "Nyuma!" Neno moja linatosha, na waliseme wote.

Aliyepewa kazi hii asiwe mzazi ambaye mwanawe yuko uwanjani. Nimejaribu mwenyewe. Jicho haliwezi kumwacha mwana.

Hatua ya 4: ishi kwa pumzi ya mchezo

Futiboli hii haitiririki kama soka. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kila jaribio huchukua sekunde chache, kisha kipenga, kisha mashauri, kisha jaribio jingine. Kwa hiyo kuna hali mbili tu: mpira uko hai, au umekufa.

Mpira ukiwa umekufa, kanuni za shule huruhusu makocha wasiozidi watatu kuingia kwenye ule ukanda wa yadi 2, mbele ya eneo la timu yao, ili waongee na wachezaji na kuwaingiza wa akiba. Mpira unapokaribia kuanzishwa, wote watatu warudi nyuma. Si baada ya kuanzishwa, kabla. Jizoeze kumtazama mchezaji anayeinama juu ya mpira. Mkono wake ukigusa mpira, wewe uwe umekwisha ondoka.

Kubadilisha wachezaji nako kunafanyika katika nafasi hiyo. Wanaocheza ni 11. Anayetolewa atoke mara moja, upande wa timu yake, asikae kwenye duara la mashauri akiaga. Na usijaribu ule ujanja wa kumficha mchezaji karibu na mstari akijifanya anatoka kumbe anabaki. Vitabu vyote vinaukataza, na shuleni na vyuoni ni kosa la utovu wa nidhamu.

Ikiwa umepewa kushika fimbo na mnyororo wa kupimia yadi 10, wewe kwa saa hizo ni mtu wa waamuzi. Usishangilie, usiwafundishe wachezaji, simu ibaki mfukoni. Mchezo ukija upande wako, angusha fimbo chini na urudi nyuma haraka. Mahali sahihi patajulikana tu, kwa kuwa mnyororo huwekwa alama kwenye mstari wa yadi 5.

Hatua ya 5: jua adhabu zinavyopanda

Kwa kanuni za shule, kosa la kwanza la kuwa kwenye ukanda mpira ukiwa hai ni onyo tu. La pili ni yadi 5. La tatu na yanayofuata ni yadi 15 kila moja. Vyuoni ni onyo, kisha yadi 5 kwa kosa la pili na la tatu, na kuanzia la nne yadi 15. Huko vyuoni, adhabu ya yadi 15 ikiiangukia timu inayolinda, wapinzani hupewa pia majaribio manne mapya.

Kumgusa mwamuzi ni jambo jingine kabisa. Hapo hakuna ngazi ya maonyo. Mtu wa benchi akigongana na mwamuzi ndani ya ukanda huku mpira ukiwa hai, ni yadi 15 hapo hapo, hata kama ilikuwa bahati mbaya, hata kama ulikuwa ukimtazama mwanao. Shuleni likirudiwa katika mechi hiyo hiyo, kocha mkuu hutolewa. Yeye, si wewe. Fikiria ukimsababishia hayo mtu aliyekukaribisha kwenye timu yake.

Hatua ya 6: kuwa macho zaidi kwenye mikwaju

Wakati wa hatari kuliko wote ni mpira unapopigwa mbali kwa mguu. Pande zote mbili hukimbia uwanja mzima kwa kasi ya juu, na wakimbiaji wa nje hushuka sentimita chache tu kutoka mstarini. Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga akajiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013, alitumiwa kwenye vikosi hivi vya mikwaju. Anayetoka kwenye raga anaielewa kasi hiyo. Anayesimama pembeni mara nyingi haielewi.

Tarehe 12 Desemba 2010, New York Jets walikuwa wakicheza na Miami Dolphins. Nolan Carroll wa Dolphins alikuwa akishuka kwa kasi ukingoni kabisa mwa mstari baada ya mpira kupigwa. Pembeni, watu wa Jets walikuwa wamejipanga bega kwa bega kama ukuta, na Sal Alosi, kocha wao wa mazoezi ya nguvu, akatokeza goti. Carroll akaanguka chini na kulala pale. Ikabainika kwamba Alosi ndiye aliyewaagiza wachezaji wale wajipange. Alisimamishwa, akatozwa dola 25,000, ligi ikaitoza timu dola 100,000, na kabla msimu unaofuata haujaanza alikuwa amekwisha acha kazi. Kuna makosa ya kusahau na makosa ya kukusudia. Hilo lilikuwa la kukusudia, na sioni neno la kulitetea.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 28 Novemba 2013, Mike Tomlin, aliyekuwa kocha wa Pittsburgh Steelers, alikuwa amesimama juu ya weupe wa ukanda kule Baltimore, mgongo wake ukielekea mchezo. Jacoby Jones wa Ravens alikuwa ameudaka mkwaju na alikuwa akija mbio upande huo huo. Tomlin aliruka pembeni dakika ya mwisho, Jones akalazimika kukata mwendo, akaangushwa baada ya yadi 73. Waamuzi hawakurusha kitambaa. Ligi ilisema baadaye kwamba ilistahili adhabu ya yadi 15, ikamtoza Tomlin dola 100,000.

Mkwaju ukija upande wako, kwa hiyo, benchi lote lirudi hatua tatu. Msitazame skrini kubwa. Utazameni mpira wenyewe, na muwe tayari kukimbia nyuma.

Na mchezaji wa akiba asiguse mtu wa mchezoni, kwa sababu yoyote ile. Tarehe 1 Januari 1954, katika Cotton Bowl mjini Dallas, Dicky Moegle wa chuo cha Rice alikuwa amewatoroka wote, njia nyeupe mbele yake, akipita kando ya benchi la wapinzani wao, chuo cha Alabama. Tommy Lewis, aliyekuwa benchini bila hata kofia ngumu kichwani, akaruka uwanjani akamwangusha. Mwamuzi Cliff Shaw hakuhesabu yadi 15. Aliipa Rice bao la kufika mwisho, mbio ya yadi 95, kama vile Moegle hakuguswa. Kanuni zinampa mwamuzi uwezo huo mpaka leo: kitendo cha dhuluma ya wazi hulipwa kwa kile ambacho kingetokea. Lewis alijuta na kuomba radhi, na hakuna aliyemfikiria mtu mbaya. Damu ilimpanda. Vijana wetu damu huwapanda pia, ndiyo maana wasimuliwe habari hii kabla, wakiwa wametulia.

Hatua ya 7: taimauti

Taimauti ni mapumziko mafupi ambayo timu huyaomba ili mchezo usimame. Kila timu ina taimauti 3 kwa kila nusu. Shuleni kuna namna mbili za kuzitumia, uchague moja: ama wachezaji waje karibu na mstari mbele ya eneo lenu na makocha wote waongee nao, ama kocha mmoja tu aingie katikati ya uwanja kwa wachezaji wasiozidi 11. Makocha wawili wakiingia katikati, ni kosa. Mbeba maji haruhusiwi kugeuka kocha njiani.

Hesabu ya taimauti iandikwe na mtu mmoja, na aiseme kwa sauti kila moja inapotumika. Tarehe 2 Desemba 2007, Joe Gibbs wa Washington, kocha mwenye mataji 3 ya Super Bowl, fainali ya NFL, aliomba taimauti ili kumtia wasiwasi mpigaji wa Buffalo Bills, Rian Lindell, kisha akaomba nyingine mara hiyo hiyo. Kanuni ya NFL inakataza taimauti mbili mfululizo kwa kusudi hilo: yadi 15. Mkwaju wa yadi 51 ukawa wa yadi 36, Lindell akafunga, Bills wakashinda 17 kwa 16. Kama Gibbs alipitiwa, sisi tutapitiwa. Andika.

Mapumziko ya katikati nayo yana mtego wake. Timu isiporudi uwanjani kwa wakati, kocha mkuu huandikiwa kosa la utovu wa nidhamu na nusu ya pili inaanza kwa yadi 15. Mtu mmoja ashike saa, na aanze kuwahimiza vijana dakika tano kabla.

Hatua ya 8: namna ya kusema na mwamuzi

Kwa kanuni za shule, mtu wa benchi kuonyesha kupinga uamuzi ni kosa. Si matusi tu. Kutupa kofia, kupanua mikono, kujaribu kumshawishi mwamuzi, yote yamo. Adhabu ni yadi 15, na mtu akipata makosa mawili ya aina hiyo anatolewa. Kocha anayetolewa haondoki kwenda kukaa jukwaani; anaondoka uwanjani kabisa, na haruhusiwi kuwasiliana na timu kwa njia yoyote. Vyuoni, tangu 2017, kocha anayeingia uwanjani kulalamika hupigwa yadi 15 moja kwa moja.

Kwa hiyo, anayeongea na waamuzi ni kocha mkuu peke yake. Msaidizi mwenye hoja amwambie mkuu wake. Hoja yenyewe iwe swali: "Mwamuzi, umeona namba 54 akimshika fulana?" Waamuzi wengi hujibu swali la heshima, hata kwa sentensi moja wakipita. Sisi tuna bahati ya kulelewa kwenye lugha ambayo mkubwa haitwi kwa jina tupu. Heshima hiyo ihamishie kwenye Kiingereza chako, hata kama ni cha kujikongoja, wanaisikia.

Pia tenganisha mambo mawili. Alichokiona mwamuzi hakibadilishwi. Lakini akiikosea kanuni yenyewe, mathalani amehesabu yadi 15 mahali pa 5, kocha mkuu wa shule anaweza kuomba kikao na mwamuzi mkuu. Kocha akiwa sahihi, uamuzi hurekebishwa na hapotezi kitu. Akikosea, amepoteza taimauti moja. Uliza kwa utaratibu huo, wala usipige kelele.

NFL ina kitambaa chekundu ambacho kocha hukirusha kuomba picha zirudiwe. Nacho kina masharti. Sikukuu ya Shukrani mwaka 2012, Houston wakicheza na Detroit, Justin Forsett wa Houston aligusa chini goti na kiwiko, kipenga hakikulia, akainuka akakimbia yadi 81 hadi mwisho. Mabao yote hukaguliwa na waamuzi wenyewe, lakini Jim Schwartz, kocha wa Detroit, kwa hasira, akarusha kitambaa mahali ambapo hakuruhusiwa. Kwa kanuni ya wakati ule, kitendo hicho kilifuta ukaguzi wote. Bao likabaki, Detroit wakapigwa yadi 15, na wakafungwa 34 kwa 31 katika muda wa nyongeza. Kanuni ilibadilishwa mwaka uliofuata.

Hatua ya 9: mchezaji akianguka

Hapa naomba kila mzazi asome polepole.

Mtoto akilala chini, hakuna anayeingia uwanjani mpaka mwamuzi apunge mkono. Najua ni vigumu. Nimemwona mama akiruka ukuta wa jukwaa akiwa na mtandio mkononi, na hakuna mwenye moyo angemlaumu. Lakini mhudumu wa afya anahitaji nafasi kuzunguka shingo na kichwa cha mtoto, na mtu akimwinua kwa mapenzi anaweza kumdhuru. Mwambie mzazi asogee karibu na eneo la timu, umshike mkono, na umpeleke ukiitwa.

Mchezaji ambaye mchezo ulisimamishwa kwa ajili yake hutoka angalau kwa jaribio moja. Akionyesha dalili za mtikisiko wa ubongo, hutolewa na harudi mpaka mtaalamu wa afya amruhusu. Hii si kanuni ya mchezo peke yake. Jimbo la Washington lilipitisha sheria ya Lystedt mwaka 2009, iliyopewa jina la kijana aliyeumia vibaya baada ya kurudishwa mchezoni akiwa amegongwa kichwa, na leo majimbo yote 50 yana sheria ya namna hiyo.

Wewe unayejua Kiswahili una kazi hapa ambayo hakuna mwingine pembeni anayeweza kuifanya. Kijana aliyegongwa kichwa hurudi kwenye lugha ya nyumbani. Akisema anasikia kizunguzungu, anaona mawenge, masikio yanavuma, au tumbo linamchafuka, mtafsirie mhudumu neno kwa neno. Usilainishe kwa sababu timu inamhitaji. Akikuomba kwa Kiswahili, "Mjomba, usiwaambie," waambie.

Hatua ya 10: ugomvi ukizuka

Benchi likae. Shuleni, mtu wa benchi anayeingia uwanjani wakati wa ugomvi anatolewa, hata kama alikwenda kuamua. Makocha waingie tu wakiitwa na mwamuzi. Kila kocha achukue sehemu ya benchi lake, ageuke awatazame vijana wake uso kwa uso, na anyooshe mikono.

Tarehe 29 Desemba 1978, Woody Hayes, kocha mwenye jina kubwa wa Ohio State, alimpiga ngumi Charlie Bauman wa Clemson, aliyekuwa ameunyaka mpira na kuangukia upande wa benchi lake. Siku iliyofuata alifukuzwa kazi, baada ya misimu 28. Hasira, hasara. Na haihusu makocha pekee: Desemba 2023, Dom DiSandro, mkuu wa usalama wa Philadelphia Eagles, alishikana na Dre Greenlaw wa San Francisco pembeni mwa uwanja. Wote wawili walitolewa, na DiSandro akazuiwa kukaa pembeni kwa mechi zilizobaki za msimu wa kawaida.

Vifaa, kwa ufupi

NFL imeruhusu redio ndani ya kofia ngumu ya kwotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi, tangu 1994 na ya mlinzi mmoja tangu 2008; hukatwa sekunde 15 zikibaki kwenye saa inayohesabu muda wa kuanzisha jaribio. Vyuo vikubwa viliruhusu mwaka 2024. Shuleni usidhani chochote, uliza chama cha jimbo lako. Na usirekodi ishara za makocha wa upande wa pili kutoka pembeni: mwaka 2007 New England Patriots walifanya hivyo dhidi ya Jets, kocha wao Bill Belichick akatozwa dola 500,000, timu dola 250,000, na ikanyang'anywa nafasi ya kuchagua mchezaji katika raundi ya kwanza. Ukiwa mzazi mwenye simu ndani ya eneo la timu, iache begini.

Baada ya kipenga cha mwisho

Vijana wapange mstari wa kupeana mikono, makocha kwanza na mwisho ili walio katikati wasichokozane. Usimfuate mwamuzi kwenye gari lake. Anaweza kuandika ripoti kwa chama cha jimbo hata kama mechi imekwisha, na kocha mkuu ndiye atakayeitwa. Kusanya chupa, hesabu kofia ngumu, na ukipita kwenye ule ukanda angalia kama kuna kilichosahaulika. Kesho asubuhi wadogo wanacheza hapo hapo.